Udongo Unaohama Uwanjani

Kokoto yenyewe haikuwa kubwa kuliko yai la kuku, lakini ilinikaa moyoni. Ilisimama juu ya kishina cha udongo mithili ya uyoga, pembezoni mwa uwanja wa shule moja ya msingi katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa. Watoto watatu wa Darasa la Tano walikuwa wameipigia magoti, rula mkononi. Kishina kilifika sentimita moja.

Ilikuwa miongoni mwa vitu walivyotumwa kusaka na mwalimu wao wa sayansi: mzizi uliobaki nje, mfereji uliochimbwa na mvua, mchanga uliojikusanya nyuma ya kizuizi, jiwe lililopanda juu ya udongo, nyungunyungu, na chochote kinachoshika ardhi isiondoke. Kung'oa marufuku: kila kundi lichore, lipime, liandike lilipokiona kitu.

Mwalimu aliwauliza kwanza jiwe limepandaje. Wengine walisema limewekwa, wengine limeota. Akawaacha wabishane, kisha akawaeleza: jiwe halijapanda, ardhi ndiyo iliyoshuka. Matone ya mvua huupiga udongo ulio wazi na kuutawanya, maji yakauchukua; ule ulio chini ya jiwe hukingwa, ukabaki. Basi kimo cha kishina ndicho kina cha udongo uliokwisha kuondoka. Ubaoni wakapiga hesabu: sentimita moja ikiondoka sawasawa kwenye ekari nzima, ni takriban mita za ujazo 40, yaani tani 50 hivi.

Habari za mmomonyoko si ngeni Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 ili majani yarudi. Yalirudi, na wafugaji ndio waliobeba gharama. Watoto wameyasikia hayo kwa babu zao. Kwa maoni ya mwalimu, makorongo makubwa humfanya mtoto auone mmomonyoko kuwa jambo la wazee na la serikali. Jiwe la uwanjani linamhusu yeye.

Lilimhusu kuliko mwalimu mwenyewe alivyotarajia. Makundi yaliporudi na michoro, ilionekana kwamba mawe yote yenye vishina yametoka upande unaofagiliwa kila asubuhi. Kwenye ukanda wa nyasi kando ya ua hapakuwa na hata moja; huko ndiko walikopata nyungunyungu. Msichana mmoja akauliza kama, basi, waharibifu ni wao.

Mwalimu hakukimbilia kumjibu, nami namheshimu kwa hilo. Anasema uwanja mweupe ndio heshima ya shule. Nyasi huhesabiwa uvivu, na hofu ya nyoka si ya kubuni. Angependa nyasi fupi ziachwe upande wa mteremko, ufagio uishie njiani na milangoni. Bado hajalifikisha wazo hilo kwenye kikao cha walimu.

Ufagio huo tumeushika wengi wetu, shuleni na nyumbani, na tukasifiwa kwa kuushika vizuri. Umekwisha kutuondolea udongo kiasi gani? Na ni shule gani itakayokuwa ya kwanza kumpa mtoto alama za usafi kwa sababu ameziacha nyasi?