Masisi: mpokea malalamiko akihama, nani atawasikiliza wakaaji?

Mkaaji wa Nyabiondo ao Kitchanga anayetaka kulalamika kuhusu barieri ya kulipisha pesa, kijana aliyetekwa ao shamba lililochukuliwa kwa nguvu, hatafuti kwanza ofisi. Anatafuta mtu: mwenye kusikia lugha yake, anayejulikana kijijini, na ambaye hatataja jina lake mbele ya wenye silaha. Mtu wa aina hiyo hapatikani kwa semina ya siku tatu.

MONUSCO ilianza mwaka 2010 kuweka wasaidizi wa uhusiano na jamii kwenye kambi za askari wake katika Kivu. Hao ni raia Wakongomani. Wanakutana na machifu, akina mama, vijana na wachungaji, kisha wanamfikishia kamanda wa kambi yale waliyosikia. Kwa vijiji vya mbali kuliundwa mitandao ya kutoa tahadhari kwa simu.

Ubora wa kazi hiyo uko katika kubaki. Vikosi vya kulinda amani hubadilishwa, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi. Kamanda anapoanza kuelewa nani anashika kilima gani, tayari anafunga mizigo. Msaidizi Mkongomani ndiye anayekumbuka nani alilalamika mwaka jana, nani aliahidiwa jibu, onyo gani lilikuwa la kweli na lipi lilikuwa uvumi tu.

Lakini chini ya wasaidizi hao kuna kamati za vijijini, na wanakamati ni watu wa kujitolea. Wanapewa mafunzo, wakati mwingine simu. Mshahara, hapana. Mwalimu ao mkulima mwenye watoto anaweza kuvumilia kwa muda. Akipata kazi kwa shirika linalolipa, anaondoka, na nani atamlaumu? Tena kuna woga. Simu yenye nambari ya kambi inatosha mtu aitwe mpelelezi. Kutoa cheti ni rahisi kuliko kuhakikisha mwenye cheti ana unite na usalama.

Kwa upande wa serikali, Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, CNDH, iliundwa kwa sheria ya tarehe 21 mwezi wa tatu 2013. Inaruhusiwa kupokea malalamiko ya raia. Kutoka Masisi-centre hadi Goma, muji mkuu wa jimbo, ni kilometa karibu 80, na mvua ikinyesha barabara inakuwa matope.

Kisha vita. Mwezi wa kwanza 2025, M23 iliteka Masisi-centre, Sake, halafu Goma. Mwezi wa tatu ilifika Walikale-centre, ikaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Gavana aliyewekwa na Kinshasa anafanyia kazi Beni. Mpokea malalamiko naye ana familia ya kukimbiza. Daftari lenye majina ya walalamikaji, akilibeba ni hatari, akilichoma miaka ya kazi inapotea. Mafunzo mapya yatamtengeneza mrithi wake, lakini hayatampa imani ambayo kijiji kilikuwa nayo kwa aliyeondoka.

Njia iliyobaki karibu ni barza: wazee na chifu wanakaa, wanasikiliza pande mbili. Kwa mpaka wa shamba inafaa. Kwa mwanamke aliyebakwa na mwenye bunduki, barza haina nguvu, na yule aliyefundishwa kumwongoza hospitalini kabla ya saa 72 kupita huenda sasa anaishi mbali na kilima chake.