Jifunze Lugha ya Kompyuta kwa Kuifanyia Kazi



Ulipojifunza kusoma hukuanza na vitabu vikubwa. Ulianza na maneno ya kazi zako: jembe, mbegu, maji, shamba. Siku ulipoweza kusoma mwenyewe stakabadhi ya mazao yako, uliona faida ya kisomo.

Lugha ya kompyuta nayo hujifunzwa hivyo hivyo. Mtu haijui kwa kukariri tu. Huijua kwa kutengeneza kitu ambacho yeye na wenzake watakitumia. Wahenga walisema: ukitaka kujua utamu wa ngoma, ingia ucheze.

Makala hii inaeleza lugha hiyo ni nini, na jinsi kikundi cha kijijini hapa Songea kinavyoweza kuanza kujifunza.

LUGHA YA KOMPYUTA NI NINI?

Kompyuta ni mashine inayofuata maagizo. Simu ya mkononi nayo ni kompyuta ndogo. Maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu huitwa programu. Maneno na alama za kuandikia maagizo hayo ndiyo lugha ya kompyuta.

Ukibonyeza *150*00# simu inakuletea orodha ya huduma za M-Pesa. Unachagua namba, nayo inakuuliza jambo linalofuata. Huduma hiyo ilianza nchini mwetu mwaka 2008. Nyuma ya orodha hiyo ipo programu, na programu hiyo iliandikwa na watu.

Kompyuta haijui kukisia. Ukimwambia jirani yako, "Panda mahindi," atapanda, kwa sababu kazi anaijua. Lakini mtu asiyewahi kushika jembe lazima umweleze kila kitu. Achimbe mashimo. Aache sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Aache sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Atie mbegu moja. Afukie. Ukisahau kumwambia afukie, ataziacha mbegu wazi, na ndege watazila. Kompyuta ni kama mtu huyo.

Lugha za kompyuta ni nyingi. Moja iliyo rahisi kwa anayeanza inaitwa Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi. Kuitumia ni bure. Maneno yake maalumu hayafiki 40, nayo ni ya Kiingereza. Lakini majina ya vitu unavyohesabu unayachagua mwenyewe, na unaweza kuyaandika kwa Kiswahili.

KUJIFUNZA KWA KAZI SI JAMBO GENI

Mwaka 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Litowa kilikuwa katika umoja wa vijiji wa Ruvuma, ambao ulivunjwa mwaka 1969. Katika shule ya Litowa watoto walijifunza huku wakishiriki kazi za kijiji chao.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye madarasa ya kisomo chenye manufaa yalienea nchini kote. Vitabu vyake vilieleza kilimo cha pamba, mahindi, tumbaku na korosho, na pia uvuvi na ufugaji. Mtu alijifunza herufi na kilimo bora kwa wakati mmoja. Mwaka 1967 watu wazima kama saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 walikuwa wamebaki kama mmoja katika kila kumi.

Njia iliyotufundisha kusoma inaweza kutufundisha na lugha hii.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Mkoani Ruvuma ufuta, soya na mbaazi vimekuwa vikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi. Mazao hupimwa, hukusanywa ghalani, kisha huuzwa mnadani. Baadaye mkulima hulipwa fedha zake, baada ya makato.

Hesabu za namna hii siku hizi mara nyingi hufanywa kwa kompyuta. Mkulima akiuliza, anaweza kujibiwa, "Kompyuta ndiyo imesema." Lakini kompyuta husema kile ilichoagizwa na mtu. Kijiji chenye watu wanaojua lugha yake kinaweza kuuliza: imeagizwa nini? Makato yamehesabiwaje?

Nchi yetu iliwahi kupata funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wakati huo wananchi wenye utaalamu huo walikuwa wachache mno, na kazi haikwenda vizuri. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa miaka mingi baadaye. Kununua mashine ni jambo moja. Kuwa na watu wanaoielewa ni jambo jingine.

KAZI YA KUANZIA: MALIPO YA UFUTA

Tuseme mkulima amepeleka ufuta kilo 240. Bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo. Makato yote ni shilingi 100 kwa kilo. Bei na makato haya ni ya mfano tu. Kwa lugha ya Python utaandika hivi:

kilo = 240
bei = 3000
makato = 100
malipo = kilo * (bei - makato)
print(malipo)

Sasa tuyaeleze maagizo hayo. Alama ya = hapa maana yake ni "weka". Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta: weka 240 katika jina kilo. Nyota ni alama ya kuzidisha. Neno print huiamuru kompyuta ionyeshe jibu. Andika 3000 bila koma. Ukitia koma, kompyuta haitaelewa kuwa ni elfu tatu.

Jibu litakuwa 696000, yaani shilingi 696,000. Kabla ya kuliamini, fanya hesabu hiyo kwa kalamu. 3,000 toa 100 ni 2,900. Mara 240 ni 696,000. Sawa.

Hiyo ni programu kamili. Ni fupi, lakini inafanya kazi. Sasa ikuzeni kidogo kidogo:

1. Ifanyeni programu iulize kilo za mkulima, badala ya kuziandika ndani yake.

2. Ifanyeni irudie hesabu kwa kila mkulima katika orodha.

3. Ifanyeni ijumlishe malipo ya wote.

4. Ifanyeni ikatae kilo zisizowezekana, kama sifuri au namba iliyo chini ya sifuri.

Kila hatua itawadai kujifunza neno moja au mawili mapya. Mtalikumbuka neno hilo kwa sababu mlilihitaji. Msiende hatua ya pili kabla ya kuielewa ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

JIHADHARINI

Programu haioni mizani. Inaamini namba inayopewa. Karani akiandika kilo 204 badala ya 240, mkulima wetu atakosa malipo ya kilo 36. Hizo ni shilingi 104,400. Kompyuta haitasema neno. Kwa hiyo simama karibu na mizani, soma namba, na utunze stakabadhi yako.

Tena, kosa la kalamu humpata mtu mmoja. Kosa lililo ndani ya programu huwapata wakulima wote walio katika orodha. Chagueni wakulima kumi, mfanye hesabu zao kwa mkono, kisha mlinganishe na za kompyuta. Hata moja ikitofautiana, tafuteni sababu kwanza.

Kumbukeni pia kwamba malipo ya mtu ni siri yake. Orodha hiyo isisambazwe ovyo.

MTAANZAJE?

Undeni kikundi cha watu watano au sita. Awepo mmoja anayesoma Kiingereza kidogo, kwa mfano kijana aliyemaliza sekondari. Wawepo pia wazee wanaojua mambo ya mizani na mnada. Kijana atajua kuandika maagizo, lakini mzee ndiye atakayejua kama jibu ni la kweli.

Simu moja ya kisasa inatosha kuanzia. Zipo programu za simu zinazotumika kuandikia Python. Ukishaipakua moja, unaweza kuandika hata mahali pasipo na intaneti. Kutaneni jioni mbili kwa wiki. Andikeni maagizo kwanza katika daftari, kwa Kiswahili. Mkikubaliana, ndipo muyaandike kwenye simu.

Msivunjike moyo kompyuta ikikataa. Mara nyingi huonyesha namba ya mstari wenye kosa. Someni mstari huo polepole. Huenda mmesahau mabano, au mmekosea herufi moja.

Mkimaliza kazi ya ufuta, zitakuja nyingine: michango ya kikundi cha kuweka na kukopa, zamu za kisima, mbolea iliyogawiwa kila kaya. Chagueni ile inayowasumbua zaidi. Hiyo ndiyo itakayowafundisha haraka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni hesabu gani inayoleta ugomvi mara kwa mara?

2. Andikeni maagizo ya kufanya hesabu hiyo, hatua kwa hatua, kama kwa mtu asiyejua lolote.

3. Karani akiwaambia, "Kompyuta ndiyo imesema," mtamwuliza maswali gani?