Maji Meusi ya Mbandaka

Ukishuka mto Kongo kwa mashua toka Kisangani, utasafiri kama kilometa 1,000 kabla ya kufika Mbandaka. Karibu na mji huo, tazama mkono wa kushoto. Hapo mto Ruki unaingia katika mto Kongo, na maji yake ni meusi.

Juu ya maji unaona mstari mrefu. Upande mmoja ni maji ya rangi ya udongo, upande wa pili ni maji meusi. Mtoto anayeyaona mara ya kwanza huogopa. Humwuliza baba yake: «Baba, maji haya yameoza?»

«Chota kwa mkono, mwanangu, utazame.»

Mtoto anachota. Ndani ya kiganja maji si meusi tena. Yanafanana na chai nyepesi, hata anaona mistari ya kiganja chake. Basi, weusi ule unatoka wapi?

Ruki huzaliwa na mito miwili, Busira na Momboyo. Mito hiyo hupita katika nchi tambarare yenye mwitu mkubwa. Mvua zikizidi, mito hufurika, na maji hukaa chini ya miti. Huko hulowesha majani makavu na matawi yaliyoanguka, kama mama anavyotia majani ya chai katika birika. Rangi ya majani huingia ndani ya maji. Maji machache huonyesha rangi kidogo, lakini maji ya kina kirefu humeza mwanga wa jua, kwa hiyo huonekana meusi. Katika mwaka 2023 wataalamu walioupima mto Ruki walitangaza kwamba ni mmojawapo wa mito myeusi kabisa ya dunia.

Mto Kongo hukusanya maji ya nchi nyingi, za milima na za mabonde, na hubeba udongo laini.

Kwa nini maji hayo hayachanganyiki upesi? Mito yote miwili inakwenda upande mmoja, ubavu kwa ubavu, kama watu wawili katika njia moja. Maji huanza kuchanganyika pale mpakani tu, na kwa kuwa mto ni mpana sana, kazi hiyo huchukua mwendo mrefu. Hata katika nchi ya Brazili, karibu na mji wa Manaus, mto mweusi Rio Negro na mto Solimões wenye matope huenda pamoja kama kilometa 6 bila kuchanganyika.

Jaribu wewe mwenyewe. Chukua chupa mbili za maji. Katika moja tia majani makavu, katika ya pili tia udongo kidogo. Tikisa, halafu uziache siku mbili. Udongo utashuka chini. Rangi ya majani haitashuka, kwa sababu imeyeyuka ndani ya maji.

Basi usiseme: maji meusi ni mabaya, maji meupe ni mazuri. Vijidudu vya ugonjwa havionekani kwa macho. Maji ya mto, yawe ya rangi gani, yachemshe kabla ya kuyanywa.

Lakini rangi inatuambia jambo jingine: maji yamepita katika nchi gani. Katika mwitu uliofurika samaki wengi hutafuta chakula na kuzaa, na wavuvi wa Ruki huishi kwa samaki hao. Miti ikikatwa, mvua itapeleka udongo mtoni, na samaki watakosa mahali pao. Hasara hiyo itafika mpaka katika chungu cha mvuvi.

Kijiji chako nacho kina kijito. Baada ya mvua kubwa, nenda ukakitazame. Kama maji yake ni mekundu, uliza: udongo huu umetoka katika shamba la nani?

Maulizo
1. Mto Ruki unaingia wapi katika mto Kongo?
2. Ni kitu gani kinachofanya maji ya Ruki kuwa meusi?
3. Kwa nini tunachemsha hata maji yanayong'aa?
4. Kijito cha kwenu kina rangi gani baada ya mvua? Eleza sababu.