Niwekee Pilipili, Na Iwe Mbichi

Simama steji yoyote Nairobi saa moja jioni ucheki msee wa smokie akichapa kazi. Anapasua katikati, anashindilia kachumbari na kijiko, halafu anauliza, "Pilipili?" Hapo ndio mbogi huanza kujichocha. "Mwaga buda, kwani mimi ni mtoi?" Kabla smokie ifike nusu, jamaa analia, kamasi inateremka, na bado anashikilia iko fiti.

Huo moto ni uongo mtupu. Ulimi haujaungua. Ndani ya pilipili kuna kitu inaitwa kapsaisini, na hiyo inajua kufungua mlango wenye mwili umewekea joto la ukweli, lile la kuanzia nyuzi 43 hivi. Mlango ukifunguka, ubongo unasikia "tunachomeka", unaitisha jasho na machozi. Mlango wenyewe unaitwa TRPV1, na David Julius wa Marekani na timu yake ndio waliudaka 1997. Mwaka wa 2021 akapewa Nobel, akagawana na Ardem Patapoutian. Manze, Nobel ju ya pilipili! Ndege nao kapsaisini haiwashtui, ndio maana wanadonoa pilipili kichaa bila presha na kuangusha mbegu huko mbele.

Na kama unadhani ukali umekaa kwa mbegu, umechezwa. Uko kwa ile nyama nyeupe inashikilia mbegu. Ikwangue utoe, pilipili inatulia. Hoho haina huo moto kabisa, hata ukimanga debe nzima.

Sasa faida. Gramu 100 za pilipili nyekundu mbichi zinabeba karibu miligramu 140 za vitamini C, na chungwa la uzani huo halifikishi hata nusu. Miaka ya 1930 kulikuwa na mwanasayansi wa Hungary, Albert Szent-Györgyi, alikuwa anasaka vitamini C ya kutosha kufanyia utafiti. Akaipata mob kwa pilipili nyekundu za hapo kwao Szeged, na 1937 Nobel ikaingia. Ile rangi nyekundu nayo ni ya karotenoidi, na zingine mwili huzigeuza vitamini A, ya macho na ngozi.

Lakini tusichezane. Nani atadishi gramu 100 za kichaa? Kwa smokie unapata vipande vidogo tu. Na ile ya chupa, nyepesi kama maji, mara mob imechemshwa, na moto huua vitamini C. Mimi huchungulia kachumbari kwanza: kama pilipili imekatiwa hapo ikiwa mbichi, na nyanya, kitunguu, dania na ndimu, hiyo ni wazi. Smokie yenyewe bado ni chumvi na mafuta, usiniambie umekula dawa.

Dawa ya ukweli iko kwa famasi. Kuna krimu ya kapsaisini ya kupaka magoti yakiuma: inawasha mwanzo, lakini ukiendelea kupaka, mishipa inachoka kupeleka ripoti ya maumivu.

Wamathe wengi hushikilia ati pilipili ndio huleta alsa. Zii. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel 2005 kwa kuonyesha kuna bakteria nyuma ya hiyo maneno, na dawa za maumivu kama aspirini pia huchangia. Ila kama alsa unayo tayari, ama asidi hukupandia usiku, pilipili itakuchoma vibaya, punguza. Na hizo stori za kukata kitambi, kapsaisini huongeza kasi ya mwili kuchoma chakula kidogo sana. Chapo tatu za usiku zinaifuta yote.

Siku pilipili ikikulemea, wachana na maji. Kapsaisini haiyeyuki kwa maji, utaisambaza tu mdomo mzima. Chapa mala ama maziwa, ju kaseini iliyo ndani huidaka na kuibeba. Na ukimaliza kukata kichaa kwa keja, sugua mikono na mafuta ya kupika, halafu sabuni, kabla uguse macho. Kabla uende choo pia. Machali, hiyo ya mwisho mnieleweni bila maswali.