Saa 3, Saa 6, Saa 9: Kumkumbuka Mungu Katikati ya Ratiba ya Chuo

Hapa chuoni ni nadra mtu kusimama akatangaza kwamba ameacha imani. Mambo huenda kimyakimya. Mwaka wa kwanza mtu yuko kwaya na mkesha wa Ijumaa haumpiti. Mwaka wa pili asaimenti zinaongezeka, bumu linachelewa, anaanza kutafuta vibarua. Mwaka wa tatu Mungu amebaki wa Jumapili tu, tena kama Jumatatu hakuna UE. Ukimuuliza atakwambia bado anaamini, ila ratiba imembana. Mimi naona anasema kweli, ndiyo maana nataka tuongee habari ya ratiba.

Wengi wetu tunategemea vitu viwili: sala ya asubuhi kabla ya kutoka hosteli na feloshipu ya jioni. Katikati hapo kuna saa karibu 10. Ndani ya saa hizo tunakwaruzana kwenye makundi ya kazi, tunagawana desa, tunachungulia simu, tunaogopa kudisko. Yaani humo ndimo tunamoishi. Mungu wa asubuhi na jioni peke yake anakosa sehemu kubwa ya siku yetu.

Wakristo wa kwanza nao walikuwa na shughuli za kutwa, na walirithi kwa Wayahudi desturi ya kusimama kidogo na kusali katikati ya siku. Danieli alisali mara 3 kwa siku hata sheria ilipomkataza. Na katika kusoma habari zao sisi Waswahili tuna bahati. Anayesoma Biblia ya Kiingereza akikuta "saa ya tatu" inabidi apige hesabu. Sisi hapana. Watu wa wakati ule walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama sisi. Saa 9 yao ndiyo saa 9 yetu ya alasiri.

Tuzitazame saa zenyewe. Saa 3 asubuhi, Matendo ya Mitume sura ya 2, ndipo Petro anawatetea wenzake siku ya Pentekoste kwamba hawajalewa, maana bado ni mapema. Wewe saa hiyo pengine uko lekcha. Ni saa ya kumwomba Roho Mtakatifu akufungue akili.

Saa 6 mchana, sura ya 10, Petro anapanda darini kusali. Napenda sana kwamba Biblia haifichi: alikuwa na njaa, na chakula kilikuwa bado kinaandaliwa. Ni kama wewe kwenye foleni ya kafeteria. Katika njaa ileile alipata maono yaliyomfungulia mlango wa kwenda kwa watu wasio Wayahudi.

Saa 9 alasiri, sura ya 3, Petro na Yohana wanakwenda hekaluni kusali, na mlangoni wanakutana na kiwete anayeomba. Hawakumpita kwa kuwa wanawahi ibada. Walisimama, na yule mtu akainuka akatembea. Sala ya kweli haikutoi kwa watu, inakufanya uwaone. Tena Injili ya Marko inataja saa hizi zote 3 siku ya msalaba: saa 3 Yesu alisulubiwa, saa 6 giza likaingia, saa 9 akalia kwa sauti kuu. Kwa hiyo siku yako ya kawaida tayari ina alama za msalaba.

Hili si jambo la dhehebu moja. Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, kinaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara 3 kwa siku. Benedikto aliziweka saa hizo katika kanuni ya watawa wake karne ya 6. Wakatoliki bado husali Malaika wa Bwana saa 6 mchana. Na sisi tunaokaa chumba kimoja na Waislamu tunaona wenzetu wanavyoacha kitabu wazi mezani ikifika adhuhuri. Wanarudi, na kitabu bado kipo.

Sisi wa ualimu tunalielewa hili kirahisi. Andalio la somo tulilolizoea lilitenga muda wa tafakuri hata kwenye kipindi cha dakika 40, kwa sababu mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kutulia hashiki kitu. Sasa kama dakika 40 zinahitaji tafakuri, siku nzima je?

Namna ya kufanya ni rahisi. Sala iwe fupi, dakika 1 au 2, Sala ya Bwana inatosha. Isali kimoyomoyo, maana Yesu alikwisha kuonya kuhusu kusali ili tuonekane. Hakuna haja ya alamu kulia katikati ya semina. Ifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: kuingia darasani, kupanga foleni ya chakula, kutoka maktaba. Na ukiikosa saa 6 usijibebeshe deni. Saa 9 inakuja.

Haitaondoa sapu wala kuharakisha bumu. Ila hofu ya matokeo ikikujia saa 8, utakuwa umeongea na Baba muda si mrefu, na utaongea naye tena muda si mrefu. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko inavyosikika. Anza na moja tu wiki hii. Ningekushauri saa 6, kwa sababu tumbo lenyewe litakukumbusha.