Walinzi Wawili, Geti Moja

Haya, wapwa zangu, sogeeni karibu. Swali la leo limetoka Kiyovu, huko Kigali, kwa binti mmoja mdadisi kwelikweli. Ameuliza: "Mjomba, kwa nini kompyuta yetu inanihoji kila nikitaka kuingia intaneti? Baba anasema ni faiawoli ya zamani. Je, naweza kuifuta?"

Hongera, mwanangu! Wakubwa wengi hubofya tu "ruhusu, ruhusu, ruhusu" wala hawaulizi kitu.

Mnazijua nyumba za Kiyovu: ua mrefu, geti la chuma, na mlinzi. Mgeni akibisha hodi, mlinzi anauliza: Wewe nani? Unamtaka nani? Faiawoli ndiyo mlinzi huyo. Na kazi anayo, maana milango ya mtandao kwenye kompyuta inafika 65,535. Tatizo ni kwamba kwenu huenda wamekuwa wawili.

"Sasa Mjomba, walinzi wawili si bora kuliko mmoja?"

Ungedhani hivyo. Lakini huyu anafungua, yule anafunga. Windows ina mlinzi wake wa nyumbani. Tangu Agosti 2004, Windows XP ilipopata sasisho kubwa la pili, mlinzi huyo huingia kazini bila kuombwa. Ukimleta wa pili, wa kwanza kwa kawaida humwachia zamu. Na huyo wa pili akichanganyikiwa? Julai 2008 Microsoft ilitoa sasisho la usalama. Watu wengi waliokuwa na faiawoli iitwayo ZoneAlarm wakajikuta hawana intaneti. Windows ilikuwa imebadilisha baadhi ya faili zake, na mlinzi hakuzitambua tena. Akawazuia wenye nyumba kutoka! Kampuni ya ZoneAlarm ikatoa toleo jipya upesi, ila siku hiyo watu walihangaika.

"Basi nifute folda yake tu, yaishe?"

Tulia! Msikilize mlinzi mwenyewe: "Mimi sikai kwenye folda peke yake. Nimefunga kufuli langu ndani kabisa ya Windows, pale data zinapopita. Ukifuta folda, umenitupia virago tu. Kufuli linabaki, ufunguo umekwenda jalalani."

Umesikia? Ndiyo maana mtu anafuta folda, kisha anashangaa intaneti imekufa.

"Aondokeje basi?"

Aondoke kwa adabu. Kwanza mwite mama au baba, kwa sababu Windows itataka akaunti ya msimamizi. Kama kompyuta ni ya ofisi ya mama, acheni kabisa. Mlinzi huyo kaajiriwa na wenye ofisi.

Andikeni jina la programu na toleo lake kwenye karatasi. Kisha, intaneti ingali hai, ingieni kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Kampuni nyingi hutoa kifaa kidogo cha kufagia mabaki. Kipakueni, mkiweke kwenye flashi. Kwa nini sasa hivi? Kwa sababu mtandao ukigoma baadaye, mtakipata wapi? Na msikipakue popote pengine. Matapeli nao hutega hapo hapo.

Hifadhini kazi za shule. Tengenezeni nukta ya kurejesha, ili Windows iweze kurudi ilivyokuwa kabla hamjaanza. Tena, kama kompyuta ni ya mezani, tazameni umeme wa Cash Power umebaki uniti ngapi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ndipo mabaki yanapozaliwa.

Sasa chomoeni waya wa ruta au zimeni Wi-Fi, maana geti litakaa kitambo bila mtu. Fungueni Mipangilio, nendeni kwenye Programu, itafuteni, bofyeni kusanidua. Subirini. Ikiomba kompyuta izimwe na kuwashwa, ikubalieni, kwani kufuli la ndani mara nyingi hufunguka wakati huo.

Ikiwaka, msikimbilie mtandao! Fungueni Usalama wa Windows, sehemu ya faiawoli. Mtaona mitandao mitatu: wa kikoa, wa binafsi, wa umma. Yote mitatu iwe imewashwa. Ndipo mrudishe waya au muwashe Wi-Fi.

"Na mtandao ukigoma, Mjomba?"

Chukueni ile flashi. Wakati mwingine kifaa kile hukubali kufanya kazi kompyuta ikiwa katika hali salama tu, yaani Windows ikiwaka na vitu vichache vya lazima. Ikishindikana, ipo nukta yenu ya kurejesha.

"Na virusi je?"

Ah, umenifurahisha! Faiawoli nyingi huja kwenye kifurushi kimoja na kinga ya virusi, na ukisanidua kifurushi, vyote viwili vinaondoka. Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwa kawaida huamka yenyewe, lakini usikisie. Tazama kwenye Usalama wa Windows: kinga ya virusi iwe na alama ya kijani. Ikiwa njano, huenda inataka masasisho tu. Ikiwa nyekundu, mwite baba asome kilichoandikwa kabla hujarudi kwenye katuni zako.