Kusimamia Tovuti za Shule Nyingi kwa Mfumo Mmoja

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, aghalabu walimu wenyeji humchukulia kuwa ndiye ajuaye mambo ya kompyuta. Huombwa kupiga chapa mitihani, kupanga ratiba, na siku hizi kuitunza tovuti ya shule. Ikiwa chuo kina shule saba za mazoezi, na kila shule yataka tovuti yake, hapana budi swali hili lizuke: Je, tutengeneze tovuti saba zinazojitegemea kabisa, au tuziweke zote chini ya mfumo mmoja?

Makala haya yanakusudia kueleza njia hiyo ya pili: inavyofanya kazi, faida yake, hatari yake, na namna ya kuifundisha darasani hata pasipo kompyuta. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi. Twataka aelewe jambo moja ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa kukosea, nalo ni hili: katika mfumo wa namna hii, kabla ya kugusa kitu chochote, yampasa mtu kujua kwanza kama kitu hicho ni cha shule moja au ni cha shule zote.

Mfumo wa kusimamia maudhui ni nini?

Zamani, aliyetaka kubadili neno moja katika ukurasa wa tovuti ilimlazimu kufungua faili lenyewe na kuandika kwa lugha ya alama. Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayoondoa taabu hiyo. Mwalimu huingia kwa jina na nenosiri lake, huandika habari kama aandikavyo barua, kisha hubonyeza kitufe cha kuchapisha. Maneno aliyoyaandika hutunzwa katika hifadhidata. Sura ya ukurasa, yaani rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio, hutunzwa mahali pengine. Ndiyo sababu habari ile ile yaweza kuvishwa sura nyingine bila kuandikwa upya.

Programu za namna hii ni nyingi. Drupal ilitolewa kwa umma mwaka 2001, na WordPress mwaka 2003. Zote mbili ni programu huria: hupatikana bila malipo, na mtu anaruhusiwa kuzichunguza na kuzibadili. Hapa tutachukua WordPress kuwa mfano wetu mkuu. Hapo mwanzo, aliyetaka kuendesha tovuti nyingi kwa WordPress moja alihitaji toleo la pekee lililoitwa WordPress MU. Mwezi Juni 2010 toleo hilo liliunganishwa na programu ya kawaida, katika WordPress 3.0. Tangu hapo uwezo huo umo ndani ya kila WordPress, ila umefungwa. Hufunguliwa kwa kuongeza mstari mmoja katika faili liitwalo wp-config.php, kisha kufuata maelekezo yatolewayo na programu yenyewe. Huduma ya Edublogs, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2005 kwa ajili ya walimu na wanafunzi, imejengwa juu ya utaratibu huu.

Cha wote na cha mmoja

Tufikirie nyumba ya kupanga yenye vyumba saba. Msingi, paa na kisima ni vya wapangaji wote. Lakini kila mpangaji ana chumba chake, ana vyombo vyake ndani, na ana ufunguo wa mlango wake. Mwenye nyumba ana funguo zote.

Mtandao wa tovuti katika WordPress umepangwa hivyo hivyo. Vilivyo vya wote ni hivi: kwanza, programu yenyewe, ambayo imewekwa mara moja tu katika seva; pili, mafaili ya sura za kurasa na ya programu za nyongeza; tatu, orodha ya watumiaji; nne, hifadhidata, ambayo ni moja kwa tovuti zote.

Vilivyo vya kila shule ni habari na kurasa zake, picha zake, na mipangilio yake, mathalani jina la tovuti na sura iliyochaguliwa. Ndani ya hifadhidata ile moja, kila tovuti hupewa majedwali yake. Habari za tovuti ya kwanza hukaa katika jedwali liitwalo wp_posts, za tovuti ya pili katika wp_2_posts, za tatu katika wp_3_posts, na kuendelea. Picha nazo hutengwa katika folda zenye namba za tovuti. Vyumba vimetengwa, lakini vyote vimo ndani ya kuta zile zile.

Anwani za tovuti hizo huandikwa kwa namna mbili. Jina la shule laweza kufuata anwani kuu, kama vile mfano.tz/mwembeni, au laweza kuitangulia, kama vile mwembeni.mfano.tz. Uchaguzi huu hufanywa mwanzoni, na kuubadili baadaye ni kazi ngumu. Kwa hiyo walimu wa shule zote na wakubaliane mapema.

Drupal, katika utaratibu wake wa kawaida wa tovuti nyingi, hufuata njia tofauti kidogo. Mafaili ya programu ni ya wote, lakini kila tovuti huwa na hifadhidata yake na orodha yake ya watumiaji. Ni kama nyumba zinazopakana ambazo paa lao ni moja, lakini kila moja ina kisima chake. Msomaji aone kwamba maneno "mfumo mmoja" hayatoshi. Lazima aulize: ni kitu gani hasa kilicho kimoja?

Nani ashike ufunguo gani?

Katika mtandao wa WordPress kuna ngazi mbili za usimamizi. Msimamizi mkuu huweza kuanzisha tovuti na kuifuta, kuweka programu za nyongeza, na kuamua ni sura zipi ziruhusiwe. Msimamizi wa tovuti moja hutawala tovuti yake tu. Huchagua miongoni mwa vile vilivyoruhusiwa, lakini hawezi kuweka kitu kipya katika mtandao. Chini yake wapo mhariri, mwandishi na mchangiaji. Mchangiaji huandika habari lakini hawezi kuichapisha mpaka mkubwa wake aipitishe. Nafasi hiyo yamfaa sana mwalimu mwanafunzi anayeanza, na hata wanafunzi wa madarasa ya juu wanaoandika habari za shule yao chini ya uangalizi.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Kwa kuwa orodha ya watumiaji ni ya wote, kumwondoa mtu katika tovuti ya shule moja hakufuti akaunti yake katika mtandao. Mazoezi ya kufundisha huisha baada ya majuma machache. Mwalimu mwanafunzi huondoka, lakini jina lake na nenosiri lake hubaki. Ni wajibu wa chuo kuipitia orodha hiyo kila mwisho wa muhula. Tukumbuke kwamba picha na majina ya watoto ni amana. Nchini Tanzania jambo hili lina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019.

Faida, na hatari iliyo ndani yake

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kupunguza kazi. Toleo jipya la programu linapotoka, hasa lile linalorekebisha dosari za usalama, msimamizi huliweka mara moja, kisha huamuru majedwali ya tovuti zote yaende sawa nalo. Kama tovuti saba zingejitegemea, kazi hiyo ingerudiwa mara saba, na twajua kwamba kazi irudiwayo mara saba mwisho wake ni kusahauliwa.

Lakini mkono unaofikisha faida mahali saba hufikisha pia kosa mahali saba. Programu ya nyongeza yenye hitilafu, ikiwashwa kwa mtandao mzima, yaweza kuzifunga tovuti zote kwa dakika moja. Na tulipokuwa tukiendesha mtandao wa shule saba, tuliona hatari nyingine ambayo hatukuitazamia.

Siku ya Ijumaa mwalimu wa shule moja alitujia kwa haraka. Alikuwa amefuta kwa bahati mbaya ukurasa wenye orodha ya vitabu vya darasa la tatu. Tulikuwa na nakala ya akiba ya hifadhidata nzima, iliyochukuliwa Jumatano. Tukairudisha. Ukurasa wa vitabu ukaonekana tena, mwalimu akatushukuru, nasi tukaenda nyumbani tumeridhika.

Hatukufikiri kwamba hifadhidata ile ilikuwa ya shule zote. Kwa kuirudisha, tulizirudisha shule zote saba katika hali ya Jumatano. Mojawapo ilikuwa imebadili siku Alhamisi ile tarehe ya mkutano wa wazazi, kutoka Jumanne kwenda Alhamisi ya juma lililofuata. Tovuti ikaanza tena kutangaza Jumanne. Jumanne ilipofika, wazazi walikuja. Wengine walikuwa wameacha shughuli zao sokoni, wengine wametembea mwendo mrefu, nao wakakuta madarasa yanaendelea na hakuna aliyewatarajia. Mwalimu Mkuu aliwaomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda yeye wala shule yake. Kosa lilikuwa letu.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba hatukuhitaji ile nakala hata kidogo. Katika WordPress, habari ikifutwa haipotei papo hapo. Huwekwa katika kapu la taka na kukaa humo siku 30, isipokuwa mpangilio huo umebadilishwa. Ukurasa wa vitabu ulikuwa ndani ya kapu la shule ile. Tungeurudisha kwa kubonyeza mara moja, bila kugusa shule nyingine yoyote.

Tangu siku hiyo tumejiwekea kanuni tatu. Kwanza, kabla ya kurekebisha lolote twaanza na njia inayogusa mahali padogo kabisa. Pili, ikiwa hapana budi kutumia nakala ya akiba, twaifungua kwanza mahali pa pembeni, kisha twachukua majedwali ya shule inayohusika tu. Tatu, kila mabadiliko ya mtandao mzima hujaribiwa katika tovuti ya mazoezi isiyo ya shule yoyote, na walimu wa shule zote huarifiwa kabla.

Namna ya kulifundisha jambo hili

Kanuni ya zamani ya ualimu yasema tuanze na linalojulikana, twende kwenye lisilojulikana. Kwa hiyo somo hili lisianze kwa kutoa maana. Lianze na madaftari. Zoezi lifuatalo lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, na halihitaji umeme.

Vifaa: madaftari matano, karatasi moja kubwa, na ubao.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aligawe darasa katika makundi matano. Kila kundi lipewe daftari, lijipatie jina la shule, na kuandika habari tatu fupi, kila moja katika ukurasa wake.

Hatua ya pili. Mwalimu aandike ubaoni kanuni ya wote: "Vichwa vya habari vipigiwe mstari mmoja." Makundi yote yatii. Kisha afute neno "mmoja" na kuandika "miwili." Wanafunzi wataona kwamba neno moja ubaoni limebadili madaftari matano. Hiyo ndiyo faida ya mfumo mmoja.

Hatua ya tatu. Viongozi wa makundi wanakili vichwa vya habari za madaftari yote katika ile karatasi kubwa. Hiyo ni nakala ya akiba. Baada ya hapo kila kundi liandike habari ya nne.

Hatua ya nne. Kundi moja lichane ukurasa wake wa kwanza. Mwalimu aulize: "Tufanyeje?" Huenda wanafunzi wakasema, "Turudishe nakala." Mwalimu akubali, na aamuru makundi yote yawe kama karatasi ilivyo, yaani kila kundi lifute habari yake ya nne. Makundi manne yasiyo na kosa yatalalamika. Mwalimu asiwanyamazishe, maana malalamiko hayo ndiyo somo lenyewe. Awaache watafute njia ya kulisaidia kundi moja bila kuyadhuru mengine.

Hitimisho

Kabla ya kushauri shule ziunganishwe, mwalimu na aulize ni nani atakayeutunza mfumo yeye mwenyewe akiwa ameondoka. Kama hayupo, heri kila shule iwe na tovuti ndogo inayojitegemea. Shule yaweza pia kutaka kuhama baadaye. WordPress hutoa faili la kuhamisha maudhui, lakini faili hilo hubeba maandishi na anwani za picha, si picha zenyewe. Kwa hiyo tovuti ya zamani isifungwe kabla picha hazijahamishwa.

Mfumo mmoja ni msaada mkubwa kwa shule zenye uwezo mdogo, mradi anayeushika akumbuke kwamba nyuma ya kila jedwali kuna shule, na nyuma ya kila tangazo kuna mzazi atakayefunga safari kwa kuliamini.

Maswali ya kujadili

1. Taja vitu vitatu vya wote na vitu vitatu vya kila shule katika mtandao wa WordPress. Je, katika Drupal hali ikoje?

2. Mwalimu mwanafunzi amemaliza mazoezi katika shule moja na kuhamia nyingine. Eleza la kufanya kuhusu akaunti yake.

3. Shule moja kati ya saba imepoteza picha zake zote. Panga hatua za kuisaidia, ukianza na ile isiyogusa shule nyingine.